Keynan na Safari ya Ijara

Mtu akiuliza, Garissa ya miaka ile, nani anaijua pikipiki, alielekezwa kwa Keynan. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, kuta za madebe yaliyokunjuliwa, na mkeka wa kuswalia umetundikwa juu kabisa usiguswe na grisi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, ndevu kazipaka hina, na maneno yake yalikuwa machache hata wageni wakadhani amewakasirikia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasikiliza. Mwenye pikipiki akija kueleza kwamba inafanya hivi, inafanya vile, Keynan alimwinulia mkono.

"Wewe nyamaza. Iache iseme yenyewe."

Kisha akaiwasha na kuinamisha kichwa, kama maalim anayesomewa na mwanafunzi, akingoja mahali ulimi utakapoteleza. Ikiteleza, anatabasamu. Ufundi huo aliupata Isiolo katika ujana wake. Yeye mwenyewe alikuwa na pikipiki moja ya zamani aliyoinunua kwenye mnada wa serikali, tangi limepakwa rangi mara nyingi hata ile ya kwanza haijulikani, na aliitunza kama mtu anavyomtunza punda aliyemtumikia.

Mkewe Kaltun aliuza maziwa ya ngamia. Maziwa yake yalisifiwa. Yalikaa toka asubuhi hadi jioni bila kuchacha, na yalikuwa na ile ladha ya moshi ambayo aliyeizoea huona chai haijakamilika bila hiyo. Kila jerikeni aliiosha na kuikausha, akawasha vijiti vya mti wa porini, akavitumbukiza ndani vikifuka, akafunga na kutikisa mpaka moshi ushike. Vijiti alivitoa, lakini ule unga mweusi uliobaki ndani hakuusuuza, kwa sababu huo ndio unaoyalinda maziwa. Mama yake alifanya hivyo hivyo, na bibi yake kabla ya hapo, tangu wakati wa vyombo vya mti.

Mwenyezi Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Idman. Alipokuwa mdogo alikuwa akiijua pikipiki ya baba yake kwa mlio, ikiwa bado mbali, katikati ya kelele zote za mji. Angeacha chakula, angeacha mchezo, akimbilie njiani. Alipokua aliolewa na kijana mmoja wa Ijara aitwaye Fathi, mfugaji wa ng'ombe, mpole, mwenye dini. Kaltun alilia siku ya arusi kama mama yeyote. Keynan hakulia, ila usiku ule alikunja mkeka kabla hajaswali, akalazimika kuukunjua tena.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na sita habari ilipokuja. Wakati huo watu waliitana kwa taar, yaani redio ya upepo. Unaketi katika chumba cha mwenye redio, unaita, na mwenzako anajibu toka upande wa pili wa nchi. Asubuhi, Keynan hajafungua hata kibanda, aliitwa huko. Sauti ya Fathi, aliyemwita mkwewe aabo, yaani baba, ilikuwa inakuja na kupotea.

"Idman ana homa, aabo. Ya kichwa. Daktari wa hapa amefanya alichoweza. Gari la kumleta hakuna. Anawaulizia nyinyi."

"Anaongea?"

"Anaongea. Anasema, mwambieni aabo aje na pikipiki yake nimsikie."

Magari ya kwenda huko yalikuwa yakisafiri kwa msafara, na askari mbele na nyuma, kwa ajili ya majambazi wa barabarani. Siku hiyo hakukuwa na msafara. Keynan hakuuliza mara mbili. Alirudi nyumbani mbio na kumkuta Kaltun yuko mlangoni tayari kajifunga mtandio, kwa kuwa habari mbaya ilikuwa imemtangulia mumewe.

"Mimi sibaki," akasema.

"Sikusema ubaki. Kimbia kwa Ogle, tangi halitatufikisha. Mtungi wangu wa petroli ameuazima mtu, chukua chochote."

Ogle alikuwa mzee aliyeuza petroli kando ya barabara, si mbali na kibanda. Kaltun alikwenda na kurudi akihema, kabeba jerikeni imejaa. Keynan alikuwa ameinama akikaza mnyororo. Aliipokea na kuifunga nyuma kwa mipira ya tairi, na mawazo yake yalikuwa yameshafika Ijara. Hakuitazama.

Penye kizuizi cha kutokea mjini, askari mmoja wa bara aliwasimamisha. Aliizunguka pikipiki akitikisa kichwa.

"Mzee, hii ni pikipiki ama ni chuma kuukuu? Na mama umemkalisha kama gunia la sukari!"

"Afande, nabeleka mama kwa mtoto," Keynan akamjibu kwa Kiswahili chake. "Mtoto mgonjwa."

Askari yule akaacha kucheka. Akainua chuma cha kizuizi mwenyewe. "Pita, mzee. Usisimame njiani. Mungu awafikishe."

Walikwenda vizuri. Barabara ilikuwa ya mchanga na makorongo, lakini pikipiki ilivuta, na Kaltun nyuma yake, kakaa upande, alikuwa akisoma dua ile ile bila kukata. Walipopita Bura, Keynan alisimama, akamimina petroli yote ya jerikeni tangini, wakaondoka tena. Hawakufika mbali.

Mwanzoni ilikuwa kama kikohozi kidogo. Akiongeza mafuta, injini inasita, inavuta pumzi, halafu inashika. Akadhani ni mchanga mzito. Mbele kidogo ikasita tena, mara hii ndefu, kama mtu aliyeitwa jina akiwa usingizini. Akipunguza, inatulia. Akivuta, inakosa nguvu, inakata, inapiga mshindo nyuma. Mwisho ikawa haiwezi mwendo wowote isipokuwa wa mtu anayetembea. Keynan akaizima.

"Imekuwaje?" Kaltun akauliza.

"Inasita. Ngoja niisikilize."

Mtu mwingine yeyote angeleta pikipiki ile kibandani, Keynan angemwambia ugonjwa wake kabla hajashuka. Ila siku hiyo masikio yalikuwa yake na moyo haukuwa wake. Na tena wiki ile ile alikuwa ameibadilisha kondensa, kile kidude kinachosaidia cheche, akatia nyingine iliyotoka kwenye pikipiki iliyokufa. Kwa hiyo jambo la kwanza lililomjia lilikuwa lawama juu ya mkono wake mwenyewe. Ni moto wa cheche, akajiambia. Ni ile kondensa. Akafungua kifuniko cha ubavuni, akasugua kontakti, vile vyuma viwili vinavyoukata umeme, kwa kipande cha msasa, akazipima mwanya kwa ukucha, akafunga. Ikawaka, ikaenda kidogo, ikasita. Akafungua tena. Akabadili waya wa plagi. Akaichomoa plagi, akaigusisha kwenye injini, akapiga teke: cheche ilikuwa ya buluu, nzima, haina kosa. Hapo ndipo alipopaswa kuacha. Lakini akarudi kwenye kontakti mara nyingine, na jua likapanda.

Kaltun alikuwa ameketi kwenye kivuli chembamba cha kichaka. Hakumhimiza. Angemhimiza ingekuwa afadhali.

Ndipo Keynan akakaa chini kwenye mchanga, akafunga macho, akasema bismillahi, na kuanza upya kama anayeanza kujifunza. Akaitazama ile plagi vizuri. Ncha yake ilikuwa nyeupe, si nyeusi. Injini iliyoshiba haina plagi nyeupe. Hii ilikuwa na njaa. Akaiwasha, akavuta choki nusu ili kupunguza hewa, na injini ikatulia, ikakubali mafuta kidogo. Kumbe! Moto ulikuwapo, petroli ndiyo haikuwa inafika. Akafungua kifuniko cha tangi, huenda hewa imeziba: haikubadilika. Akaunyofoa mpira wa mafuta: petroli ilitiririka vizuri. Basi imebaki kabureta.

Akakifungua kile kikombe cha chini, ambamo petroli hukaa ikingoja kunyonywa. Akakiinamisha kwenye kiganja. Petroli ilikuwa safi, lakini chini yake kulikuwa na chembechembe nyeusi, laini. Akadhani ni mchanga. Akazisugua kwa vidole, hazikukwaruza. Zilisagika, zikampaka weusi kama wino.

Alikaa akivitazama vidole vyake. Kisha akanyanyuka polepole, akaenda kwenye ile jerikeni tupu, akachungulia ndani. Kuta zake zilikuwa za rangi ya kahawia, zimeng'aa kwa moshi. Ilikuwa jerikeni ya maziwa, ile mpya, iliyofukizwa alfajiri ile kwa ajili ya soko. Kaltun alikuwa ameambiwa achukue chochote, naye akachukua kilicho safi kuliko vyote nyumbani mwake, akijua kabisa kwamba hakitatiwa maziwa tena.

Na kwenye bomba la tangi palipaswa kuwa na kichujio cha kuzuia uchafu kama ule. Keynan alikitoa mwenyewe zamani kwa sababu kilikuwa kinaziba. Hilo nalo alilijua.

"Ni nini?" Kaltun akaita toka kichakani.

Aligeuka kumtazama. Mkewe alikuwa ameketi wima, vumbi limemjaa kwenye kope, midomo inakwenda kwa dhikri. Keynan akavifuta vidole kwenye kikoi chake.

"Uchafu."

"Uchafu wa wapi?"

"Wa petroli," akasema, na kumpa mgongo.

Neno lilikuwa dogo, nalo halikuwa uongo. Alilisema ili wasiendelee kuzungumza.

Akaifungua jeti, kile kitobo chembamba kinachopitisha mafuta, akakipuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Waya hakutumia, waya huharibu kitobo, alikizibua kwa ujiti mwembamba wa ufagio aliokuwa nao kwenye mfuko wa spana. Kisha akaimwaga petroli yote kutoka tangini kwenye jerikeni ile ile na kuirudisha akiichuja kwa kilemba chake alichokikunja mara kadhaa, akimgeuzia mkewe mgongo wakati wote huo ili asikione kitambaa. Alipomaliza, kilemba kilikuwa na doa jeusi kama kiganja. Akakizika mchangani. Jerikeni akaitupa kichakani.

"Mbona unaitupa?"

"Imepasuka."

Pikipiki ikaunguruma kama mpya. Wakaenda mbio kuliko ilivyokuwa halali, na Idman, kama angekuwa anasikiliza, angewasikia tangu mbali sana.

Walipokaribia nyumba ya Fathi waliona wanaume wanarudi kwa miguu kutoka upande wa makaburi, kimya, wakipangusa mikono. Keynan aliizima pikipiki ikiwa bado inatembea. Fathi alikuja akamshika mabega, akasema maneno ambayo sisi sote huyasema msibani: kwake Yeye tumetoka na kwake tutarejea. Idman alikuwa amekata roho asubuhi, jua halijawa kali. Walimngoja mpaka swala ya adhuhuri. Maalim wa pale akasema maiti haicheleweshwi zaidi, na hakukosea.

Hai wasingemkuta, hata pikipiki ingetembea kama upepo. Hilo lilikuwa la Mungu na Keynan alilikubali pale pale aliposimama. Lakini kumwosha, mama yake angewahi.

Kaltun aliingia kwa wanawake. Nyumba ilikuwa ya makuti na ngozi, na Keynan, aliyeketi nje, alisikia kila kitu.

"Nani amemwosha?"

"Sisi, walaal, ndugu yangu," mama yake Fathi akajibu. "Mimi kwa mikono yangu, na hawa. Tumemwosha vizuri, kwa maji ya mkunazi."

"Nywele?"

"Tulimsuka tatu, kama sunna."

"Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto. Aliungua utotoni. Ukilivuta analia. Mlijua?"

Mama yake Fathi akaitazama mikono yake.

"Mngeshika polepole hapo," Kaltun akasema, wala hakulia. "Mimi peke yangu ndiye niliyejua."

Akakaa hivyo siku zote za matanga. Kila aliyekuja kumpa pole, Kaltun alimwambia neno moja: "Tungefika. Petroli ya Ogle ilikuwa chafu."

Waliporudi Garissa neno hilo lilifika pamoja nao. Kaltun si mwanamke wa fitina, tangu ujana wake hakujulikana kwa kusema mtu. Lakini alikuwa na donda, na donda lilitaka mahali pa kuegemea. Akina mama wa maziwa wakalichukua, wakawaambia waume zao. Watu wakaanza kumpita Ogle bila kusimama. Vijana wakamtania wakipita: "Warya Ogle, leo umetia udongo wa rangi gani?" Mzee yule alijibu mwanzoni, akafungua vyombo vyake na kuwaonyesha. Baadaye akawapa mgongo.

Kaltun akipita mbele yake alifunika uso kwa mtandio wala hakujibu salamu.

Keynan alijaribu. Jioni moja, walipokuwa wanakunywa chai, akasema, "Mama Idman, kosa lilikuwa langu. Nilitoa kichujio cha tangi zamani. Kingekuwapo, uchafu usingepita."

"Na uchafu ungetoka wapi, kama yeye hakuutia?"

Keynan alikishika kikombe. Aliiona ile asubuhi, Kaltun akikimbia na jerikeni aliyoipenda, asijue. Akaona pia atakavyokuwa mwanamke huyu siku atakapojua: angeketi tena mbele ya vijiti vyake na moshi wake, kila alfajiri, maisha yake yote. Akanywa chai.

Hakulala vizuri tangu hapo, na swala yake ilikuwa na mwiba. Kulinda moyo wa mkewe ilikuwa haki. Kumwacha mja wa Mungu apakwe asilolifanya, hiyo ilikuwa dhuluma, na alijua vizuri dhuluma inahesabiwa wapi. Asubuhi moja alikwenda kwa Ogle, akachuchumaa mbele yake kama mwenye kuomba, akamweleza yote, toka kwenye vijiti mpaka kilemba alichokizika.

Ogle alisikiliza huku akisugua goti lake.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu. Mimi. Na sasa wewe. Ukitaka leo hii nimwambie mbele ya watu, nitamwambia. Haki ni yako."

Mzee alitazama sokoni, mahali akina mama walipokuwa wamepanga jerikeni zao. Kaltun alikuwa katikati yao, anapima maziwa, hacheki na mtu.

"Huyu alikuja kwangu siku ile akikimbia," Ogle akasema. "Kiatu kimoja kilimtoka, hakurudi kukichukua. Nilimimina mimi, niliona jerikeni ni ya maziwa, nikasema moyoni, masikini, hajui hata alichoshika. Kwa nini sikumwambia angoje niisuuze? Basi sehemu yangu nami ninayo."

"Si sawa, adeer, ami yangu."

"Sijasema ni sawa. Nimesema mwache. Ngozi yangu ni ya ngamia, imezoea miiba."

Tangu siku hiyo Keynan alinunua petroli kwa Ogle mbele ya watu, mchana kweupe, na kila aliyetengenezewa pikipiki aliambiwa akajaze pale. Wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Kaltun naye akaona. Hakumgombeza mumewe. Alimwuliza tu, usiku akimwandalia chakula, "Kwake yeye, Baba Idman? Kwake?" Akaweka sahani chini na kwenda kukaa nje. Kwa muda mrefu nyumba ile ilikuwa na watu wawili, kila mmoja na ukimya wake.

Ramadhani ikaingia. Siku moja katika kumi la mwisho, baada ya swala ya alasiri, Keynan alikuwa kwa Ogle akijaza tangi alipomwona mkewe anakuja, peke yake, mtandio haujafunika uso. Kaltun alisimama mbele ya mzee.

"Assalaam aleikum, Ogle."

"Waaleikum salaam, mama."

"Nimekuja kwa sababu ya mwezi huu. Nimekuchukia, na funga yangu imekuwa njaa tupu. Ulichotia katika petroli ile, kwa kujua au kwa kutojua, nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Sitakudai, hapa wala kule."

Keynan aliufungua mdomo. Ogle hakumtazama. Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa chake cheupe mbele ya mwanamke yule kama mwenye hatia kweli.

"Nimepokea, mama. Mungu akulipe. Nawe nisamehe."

"Nimeshakusamehe."

"Basi imekwisha," mzee akasema.

Kaltun akageuka kwenda nyumbani. Keynan hakuipanda pikipiki. Aliisukuma kwa mkono, akatembea kando yake, na mara mbili tatu akavuta pumzi ya kusema, asiseme. Walipofika penye nyumba za mwisho, Kaltun alisimama.

"Baba Idman, nilikuwa nimemshika Ogle. Kila nikimkumbuka mtoto, nilimshika Ogle nikamkaza. Sasa nimemwachilia, na mikono haina kitu. Ni yeye tu. Ni Idman tu, na amekufa."

Na hapo njiani, kwa mara ya kwanza tangu Ijara, akalia. Keynan aliilaza pikipiki vumbini, akaketi karibu naye chini. Hakuwa na neno lolote analoweza kumpa, kwa hiyo akalia pia, mpaka muadhini akawaita watu wakafungue saumu.